Mtu wa Mbele Kwenye Mwamba wa Twiga

Jumanne ya mwisho ya Novemba 1989, Abdinur Bile aliamka saa kumi na mbili, akapiga mswaki, akakaza akala zake, ndara za tairi, kwa waya mpya, akaenda kupanga foleni ili ithibitishwe kwamba yeye ni Mkenya. Alikuwa mtu wa arobaini na mbili. Wa arobaini alikuwa fundi cherehani aliyemshonea kaptura yake ya kwanza ya shule. Wa arobaini na moja alikuwa mama yake mzazi, Khadijo, ambaye alikuja na kigoda chake kutoka mtaa wetu wa Bulla Pesa kwa sababu alisema ukiingojea serikali, ingojee ukiwa umekaa.

Amri ilikuwa imetangazwa redioni: kila Msomali wa miaka kumi na minane na zaidi aende mbele ya kamati, aulizwe maswali, na akiridhisha apewe kadi ya pinki. Asiyeridhisha angeweza kupandishwa lori hadi mpakani na kushushwa upande wa pili. Abdinur aliujua upande wa pili kwa ramani ya Jiografia tu, na hata hiyo ramani aliichora vibaya kwenye mtihani.

Sisi watu wa Isiolo hatukuona jambo la kushangaa. Babu zetu waliletwa hapa na Mwingereza baada ya kumpigania vita vyake vya kwanza, wakaambiwa kaeni, wakakaa. Na sisi tumekaa tangu wakati huo. Ungepita Bulla Pesa asubuhi yoyote ungetukuta tumekaa mbele ya maduka, tunakaa kwa bidii, tunatoa maoni kuhusu vita vya nchi ambazo hatuwezi kuzitamka. Kama kukaa mahali ndiyo uraia, sisi tulistahili medali.

Abdinur alikuwa na miaka ishirini na minane na kidato cha nne, daraja la nne. Alikuwa na masikio mapana yaliyosimama kando ya kichwa kama milango ya kabati iliyosahauliwa wazi, mguu wa kushoto uliotazama nje kama wa bata, na redio ndogo ya betri iliyoishi kwapani mwake mchana kutwa. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni kwa miguu hadi Mwamba wa Twiga, upande wa Kipsing, kutazama michoro ya watu wa kale. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Alijipa mwenyewe mwaka 1982, baada ya kugundua kwamba kitu asichokijua anakieleza vizuri zaidi kuliko kile anachokijua.

Kamati ilikaa nyuma ya meza ndefu ndani ya ukumbi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Zachary, afisa aliyeletwa kutoka nyanda za juu za Meru, mwenye kofia ya ukingo mpana ambayo hakuivua hata ndani. Alikuwa na miezi miwili Isiolo. Kulia kwake alikaa karani, Kagwiria, mwanamke mchapakazi aliyeandika kila kitu kilichosemwa, pamoja na kikohozi. Kushoto alikaa Mzee Dualeh, mzee wetu wa Bulla Pesa, aliyewekwa hapo ili awatambue watu. Mzee Dualeh ndiye aliyembeba Abdinur siku ya kupewa jina, akala nyama ya mbuzi wa sherehe hiyo, na hadi leo huilalamikia kwamba ilikuwa ngumu.

Fundi cherehani alitaja baba zake kumi, kizazi kwa kizazi, bila kuongeza neno, akapewa kadi. Mama Khadijo alijibu kila swali kwa kusema mwulizeni mwanangu, yeye ndiye mliyemsomesha. Kamati ikachoka, ikampa kadi. Kisha ikamgeukia mwanawe.

Kwetu mtoto hufundishwa kutaja baba zake kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu. Abdinur aliwajua wote. Lakini alikuwa na ugonjwa wa kazi yake: hawezi kuonyesha kitu bila kukitolea maelezo. Alitaja wa kwanza hadi wa sita, akaona Bwana Zachary anapiga miayo, na mgeni akipiga miayo Abdinur huona amefedheheka. Basi alipofika kwa wa saba akaongeza kwamba huyu ndiye aliyekuwa na ngamia mia moja weupe na kisima chake mwenyewe kule Berbera.

Kagwiria akainua kalamu, akaomba jina la huko lirudiwe polepole.

Ngamia wale Abdinur aliwatunga pale pale, akiwa amesimama. Kisima pia. Lakini Berbera, mji ulio ng'ambo ya mpaka, ilikuwa imeshaandikwa, na wino wa serikali haufutiki kwa mate.

Mwenyekiti akamuuliza Mzee Dualeh kama anamjua kijana huyu. Mzee Dualeh akamtazama Abdinur kwa muda mrefu, kama mtu anayemtafuta mbuzi wake katika kundi la jirani.

"Uso naujua," akasema. "Karatasi yake ndiyo sijawahi kuiona."

Hakukuwa na karatasi. Cheti cha babu yake cha kutoka jeshini kililiwa na mchwa mwaka 1961, mwaka wa mafuriko, na mchwa wale hawakuacha hata muhuri. Mwenyekiti akasema pole, kwamba kwa hali hiyo huyu atawekwa kwenye orodha ya lori. Hapo ndipo Abdinur alipokumbuka kwamba ana ushahidi mwingine. Alisema yeye amechorwa kwenye Mwamba wa Twiga, na kwamba mchoro huo una miaka elfu mbili.

Kagwiria akaandika. Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu wa kuthibitisha. Watu thelathini kwenye foleni wakainua mikono.

Jambo lenyewe lilijulikana. Mwamba ule haukuwa na siri na mtu. Ukame wa 1984 ulipouma, ng'ombe waliochorwa juu yake walikonda pamoja na wengine, mbavu zikahesabika, na watatu wakaanguka chini ya mchoro na hawakuinuka tena. Mvua iliporudi wale waliobaki walinenepa, ila mahali pa wale watatu pako tupu mpaka sasa. Wafugaji wa Kipsing walisema ni haki, kwa nini ng'ombe wa jiwe wapone na wao wamepoteza. Twiga mwenyewe, aliyeupa mwamba jina, huteremka kila siku karibu saa tano kwenda kula majani ya migunga na kurudi alasiri. Kwa hiyo Abdinur huwashauri wageni wafike mapema au wachelewe.

Mtu wa masikio mapana aligunduliwa mwaka 1979, kidato cha tatu kilipopelekwa huko na mwalimu wa Historia, Mwalimu Bedan. Wanafunzi walikuwa wakinakili michoro kwenye madaftari, na mmoja akasema, Abdinur, wewe umefika kabla yetu. Kweli alikuwa pale. Rangi nyeusi ya masizi na mafuta, masikio wazi, mguu wa kushoto nje, kitu cha mraba kwapani, mkono wa kulia umenyooshwa mbele. Nyuma yake walifuata watu watatu waliofifia. Mwalimu Bedan alimpiga fimbo mbili kwa kuharibu mali ya taifa. Mwaka uliofuata mtaalamu mmoja mwenye ndevu akaja kutoka Nairobi, akakwangua rangi kiasi cha punje ya mchele, na hatimaye akaandika barua kwamba mchoro una miaka isiyopungua elfu mbili, na kwamba kile kitu cha kwapani bila shaka ni mzinga wa nyuki. Mwalimu Bedan akamwomba Abdinur radhi mbele ya darasa. Zile fimbo, alisema, hawezi kuzirudisha.

Barua ile Abdinur alikuwa nayo. Mwenyekiti aliisoma mara mbili.

"Hii inasema rangi ni ya kale," akasema. "Haisemi ni wewe."

"Haikuulizwa, mheshimiwa."

Bwana Zachary hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa utaratibu, na utaratibu ulisema ushahidi usioweza kuletwa mezani utembelewe. Akapanga safari ya Alhamisi.

Walipanda gari la serikali watu watano: Bwana Zachary, Kagwiria na faili lake, Mzee Dualeh, Abdinur, na askari mmoja Mturkana aliyeitwa Ekidor, mwenye bunduki ya kuogofya ndovu. Ekidor ndiye aliyeendesha. Njia ya gari iliishia kwenye laga, mto wa mchanga usio na maji. Kutoka hapo ni kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu. Mzee Dualeh alitazama mlima, akatazama magoti yake, akasema atabaki kulinda viti vya gari.

Abdinur alitangulia kama kawaida yake. Bwana Zachary akamwita.

"Kijana, rudi nyuma."

Akamweleza kwa upole kwamba serikali haiwezi kumfuata mtu ambaye bado haijamthibitisha. Ingeonekana vibaya kwenye ripoti. Basi mwenyekiti akatangulia mwenyewe, akifuatwa na Kagwiria, kisha Ekidor, na kiongozi wa safari akawa wa mwisho, akiongoza kwa mdomo. Alisema, kushoto, mheshimiwa. Mwenyekiti alienda hatua tatu zaidi mbele, ili ijulikane kwamba hakusikia, kisha akapinda kushoto kwa hiari yake. Ilikuwa hivyo njia nzima. Kila walipopinda, walipinda hatua tatu baadaye kuliko ilivyofaa, na kila mara hatua hizo tatu zilikuwa na miba iliyojikunja kama ndoana. Saa nne na nusu suruali ya mwenyekiti ilikuwa na madirisha.

Kagwiria alikuwa amevaa raba na alitembea bila kulalamika. Alimsubiri Abdinur kwenye mteremko mmoja akamuuliza michoro ile maana yake nini hasa. Abdinur alimweleza kwamba ana maelezo ya aina tatu. Kwa Wazungu husema ni ndoto za waganga. Kwa watoto wa shule husema ni uwindaji, kwa sababu ndilo jibu lililo kwenye kitabu. Kwa maafisa husema ni umoja wa taifa.

"Na ya ukweli?" Kagwiria akauliza.

"Hiyo bado naitunga."

Kagwiria alicheka, akaandika.

Chini ya mwamba Ekidor alivunja tawi bichi, akaliweka kwenye rundo la mawe lililokuwa pale. Ndivyo wafanyavyo wafugaji wa huku wakifika mahali penye wenyewe: unaweka kitu kibichi, unasema umekuja kwa amani. Abdinur aliweka lake, Kagwiria lake. Mwenyekiti alisimama kidogo, kisha akaweka tawi kwa niaba ya serikali.

Twiga hakuwepo. Ilikuwa saa tano na robo, na mahali pake palibaki doa jeupe lenye umbo lake. Bwana Zachary akauliza yuko wapi. Ekidor akamwonyesha kwa kidevu: alikuwa chini bondeni, mwekundu, akila mgunga. Alionekana vizuri kwa ubavu tu. Alipogeuka kuwatazama alipotea kabisa, kwa kuwa alichorwa upande mmoja.

"Andika twiga yuko nje," mwenyekiti akamwambia karani. Karani alikuwa ameshaandika.

Kisha wakaanza kazi. Abdinur alisimamishwa kando ya mchoro, mgongo kwa jiwe. Kagwiria alipima masikio kwa rula, ya mtu kwanza halafu ya jiwe. Yalilingana kwa uwiano. Wakampima mguu. Wakamwomba atembee hatua nne, asimame, atembee tena. Mwenyekiti aliiomba redio, akaiinua karibu na mzinga wa nyuki wa mtaalamu, akaona kifundo cha kutafutia stesheni kimechorwa, kimeelekezwa mahali pale pale. Redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Akaizima kwa heshima, akairudisha.

"Ni wewe," akasema.

Abdinur aliiwasha redio tena. Tangu Jumanne hakuwa amelala vizuri. Alikuwa akiliona lile lori hata akifumba macho, na ndani ya lori alijiona yeye akiwaeleza abiria historia ya kila kichaka.

Lakini Kagwiria alikuwa bado anatazama ukuta, na sasa aliwatazama wale watatu waliofifia. Mtaalamu alikuwa amewaeleza katika barua yake: mmoja amebeba mzigo mpana kichwani, mmoja amekumbatia ngozi iliyokunjwa, mmoja ana mkuki begani.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu wa pili ni wewe."

Mzigo ulikuwa kofia. Ngozi iliyokunjwa ilikuwa faili, na mtu aliyelikumbatia alikuwa amevaa raba. Mkuki ulikuwa na mkanda wa bunduki. Bwana Zachary alisogea, akajitazama kwa muda mrefu. Alivuta tumbo ndani. La ukutani halikuingia. Akasema mchoraji alikuwa na mkono mzito, lakini mabega ameyapata. Akamwomba Kagwiria aandike kwamba uwepo wa kamati katika eneo hili umethibitishwa kwa miaka elfu mbili.

"Na wa kijana?" Kagwiria akauliza.

Wakakaa juu ya mawe kujaza fomu. Yote yalikwenda vizuri mpaka swali la kumi na moja, lililouliza mwombaji alifika nchini lini, na kwa njia gani. Kulikuwa na visanduku: meli, gari, mnyama, miguu. Hakukuwa na kisanduku cha mtu ambaye hakufika. Bwana Zachary aliitazama fomu, akautazama mwamba.

"Hapa anatembea," akasema. "Weka alama kwenye miguu. Tarehe, miaka elfu mbili iliyopita."

Kagwiria aliweka alama. Mwenyekiti akashusha pumzi, kama mtu aliyetumwa kupeleka habari asiyoipenda.

"Sasa ona, kijana. Umekubali ulifika. Na mtu aliyefika ni mgeni, hata kama alifika mapema."

Ekidor, ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, akasema kwamba pale ukutani wote wanne wanatembea.

"Sisi tuko kazini," mwenyekiti akasema.

Abdinur alitafuta mzaha. Kwa kawaida huwa nao tayari, hata msibani, na kuna nyumba mbili mjini haalikwi kwa sababu hiyo. Safari hii hakupata. Alitazama akala zake.

"Mheshimiwa, mimi kule sijui hata jiwe moja," akasema. "Nikishushwa, nitamwongoza nani, na kwenda wapi?"

Bwana Zachary alifungua kifuniko cha kalamu akakifunga tena. Alisema kama ingekuwa ni yeye, lakini si yeye, ni fomu. Alisema labda ikipatikana karatasi ya babu. Abdinur akamkumbusha kuhusu mchwa. Mwenyekiti akauliza kama mchwa wale waliacha ushahidi wowote, na Abdinur akajibu kwamba kichuguu kipo, nyuma ya choo, kikubwa, na wanaweza kukitembelea. Kagwiria akaandika kichuguu.

Wakaanza kurudi. Mwenyekiti alitangulia tena. Sasa Abdinur hakusema kushoto wala kulia, si kwa ukaidi, ila mawazo yake yalikuwa kwenye lori. Walishuka, wakapanda, wakazunguka jabali, wakafika kwenye rundo la mawe lenye matawi yao manne. Wakaondoka upande mwingine, wakafika kwenye rundo lile lile. Mara ya tatu walimkuta twiga amerudi ukutani. Maji ya chupa yalikuwa yamekwisha. Ekidor alipoulizwa njia alisema yeye kwao ni mbali, kaskazini, na mtu hapaswi kujua mawe ya wenzake.

Bwana Zachary alivua kofia kwa mara ya kwanza tangu tumjue. Akajifuta, akaivaa.

"Tangulia," akamwambia Abdinur.

Abdinur akapita mbele. Aliiweka redio kwapani, akanyoosha mkono wa kulia kuwaonyesha pengo kati ya mawe mawili, mahali ambapo njia hujificha kwa mtu asiyeizoea, akaanza kuteremka huku mguu wa kushoto ukitazama nje. Nyuma yake ikaja kofia. Nyuma ya kofia likaja faili. Nyuma ya faili ikaja bunduki. Jua la alasiri lilikuwa mgongoni mwao, na vivuli vyao vinne vilitangulia mashariki, kuelekea mjini.

Kagwiria akasimama ghafla, Ekidor nusura amkanyage. Akageuka kuutazama mwamba nyuma yao, akawatazama wenzake. Kule ukutani mtu wa masikio mapana ameelekea kulia, na kulia ni mashariki, na mashariki ni mjini. Miaka kumi yote watu walidhani yule mtu anafika.

"Mheshimiwa," akasema, "kwenye mchoro hakuwa anakuja. Alikuwa anarudi nyumbani."

Mwenyekiti alitembea hatua tatu kabla ya kujibu.

"Hakuna swali la kurudi," akasema. "Wameuliza kufika tu."

Kagwiria aliandika hata hivyo, pembeni mwa karatasi, kwa herufi ndogo. Mwenyekiti akamwomba akate, kwa sababu pembeni ni mali ya ofisi kuu. Akakata kwa mstari mmoja mwembamba ambao mtu angeweza kusoma chini yake kama angetaka.

Garini Mzee Dualeh alikuwa amelinda viti akiwa amelala. Akauliza mambo yalikwendaje. Mwenyekiti akasema ni yeye kweli, hakuna ubishi.

"Nilijua," Mzee Dualeh akasema. "Hata utotoni alikuwa na masikio hayo."

Bwana Zachary akaegemeza fomu kwenye goti, akatoa muhuri mfukoni, akaupuliza, akapiga. Ulisema ASUBIRI. Alimweleza Abdinur kwamba hilo si baya. Mtu anayesubiri hatolewi, ila pia hapewi, na anaweza kupandishwa lori wakati wowote lori likiwa na nafasi.

Mama Khadijo, aliyekuwa Mkenya kwa siku ya tatu, alipika mchele na nyama ya ngamia jioni hiyo. Mwanawe alikula amekaa karibu na mlango, mgongo wazi kwa njia, akisikiliza magari makubwa yakibadilisha gia barabarani. Mama alimwambia sogea ndani, wacha kukaa mlangoni kama mgeni. Alipogundua alichosema alimwongezea nyama.

Lori la kwanza liliondoka Ijumaa baada ya swala. Halikuwa na nafasi kwa Abdinur, kwa sababu ya kinyozi wa karibu na msikiti, mtu mnene aliyechukua sehemu ya watu wawili. Kinyozi alikuwa amezaliwa nyumba ya pili kutoka kwa Mzee Dualeh. Tulisimama kumuaga. Mmoja wetu alimtania kwamba huko aendako watapendeza, akacheka, sisi tukacheka. Hata leo ukituona sisi watu wa Bulla Pesa tumenyolewa vibaya, tunanyoana wenyewe.

Wiki ya Krismasi, Bwana Zachary alirudi bila kamati. Alikuja na mke wake, Kinya, chupa ya chai na chapati zilizofungwa kwa kitambaa, na wageni wawili wa kanisani kwao. Alitaka waone mchoro wake. Alimtafuta Abdinur mbele ya maduka akamkuta amekaa, kama tulivyosema, kwa bidii. Wakasalimiana vizuri kabisa. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi alimwomba Abdinur kadi, na Bwana Zachary akatoa kichwa dirishani akasema huyo yuko na mimi.

Safari hii aliachiwa atangulie tangu mwanzo. Aliwaeleza habari za ndoto za waganga, za uwindaji, na za umoja wa taifa, zote tatu, kwa sababu ilikuwa sikukuu. Walifika saa nne, twiga akiwepo. Bwana Zachary akawaonyesha wageni kofia yake, mabega yake. Wakampongeza. Mmoja akasema kumbe familia yenu ni ya kale huku.

Kinya hakuangalia kofia kwa muda mrefu. Alimwangalia mtu wa mbele, masikio yale, mguu ule, kisha akamgeukia kijana aliyesimama kando yao na redio kwapani.

"Na huyu anayewaongoza ni nani?" akauliza.

"Huyo," Bwana Zachary akasema, huku akimimina chai, "bado tunamchunguza."

Abdinur hawezi kumwachia mgeni maelezo nusu. Akaongeza kwamba uchunguzi huo sasa una miaka elfu mbili, unaendelea vizuri, na wakati wa kushuka wamfuate kwa karibu, kwa sababu hapo chini watu hupotea.